Fremu Isiyonizoea

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha shule ya usiku, kwamba baiskeli ya kaboni humzoea mwenyewe. Kwamba hata ukiinunua ikiwa kubwa, miezi mitatu ya jua la Kisumu na jasho lako huifanya ijikunje polepole mpaka ikukae kama kiatu cha ngozi. Kinyozi wangu wa Manyatta ndiye aliyeniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe shingoni habishi. Tena nilikuwa nimefaulu fizikia. Chuma hupanuka kwenye joto. Kaboni si chuma. Basi hufanya kinyume. Maprofesa wa dunia nzima wangenipigia makofi.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kuamini. Tulipooana, mke wangu nilimpeleka nyumbani kwetu, ng'ambo ya ziwa, Mbita, kwa baiskeli. Tulitoka Kisumu alfajiri, yeye kwenye keria ya nyuma, sanduku mapajani, akinicheka kila kilima mpaka Luanda Kotieno kwenye kivuko. Miaka yote alisema tutarudia. Hatukurudia. Alipolala hospitalini nilimwambia, "Ukipona tunaenda, kama zamani."

Akasema, "Na nisipopona, uje hivyo hivyo."

Hakupona. Tulimzika nyumbani, nami nikaapa kwamba siku ya maombi ya mwaka mmoja nitafika kaburini kwa baiskeli.

Baiskeli yangu kuukuu ya chuma ilikuwa na uzito wa ng'ombe wawili, mmoja mjamzito. Nikaenda kwa muuzaji wa mitumba nyuma ya soko la Kibuye. Alikuwa na kaboni mbili tu.

"Mzee, unaenda nayo wapi?"

"Luanda Kotieno, nivuke Mbita."

Akapiga mluzi, akavuta ile ndogo. "Chukua hii. Usukani uko juu, mgongo hautakuua. Tairi pana inaingia. Lami sawa, murram ya vumbi sawa."

"Yawa! Hiyo ni ya mwanafunzi. Mimi naenda kwa mke wangu, siendi kununua sukari."

"Ile kubwa itakunyoosha."

"Itanizoea."

"Ni wewe utapanda," akasema, akaishusha ile kubwa.

Mnielewe. Baiskeli zote nilizopanda tangu utoto zilikuwa zile nyeusi za kimo kimoja kwa binadamu wote. Chifu mrefu na karani mfupi walipanda ile ile. Mfupi alijua la kufanya na miguu yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni wa saizi gani.

Mwezi wa kwanza sikupita Kisian, kilomita chache tu nje ya mji. Nilikuwa nimelala juu ya ule usukani kama mtu anayechungulia kisima, vidole vimekufa ganzi, shingo inawaka. Nikairudisha nyumbani, nikaianika uani kama samaki wa omena, upande huu asubuhi, upande ule mchana. Mwezi wa pili nilifika Holo, mbele kidogo, nikarudi. Mwezi wa tatu, Holo tena. Majirani walinisalimia, "Imepungua?" nami nikawajibu, "Kidogo!" nikicheka kuliko wao. Ndani ya nyumba sikucheka. Nilianza kufikiri kwamba si fremu iliyokataa, ni mimi ninayekataliwa. Kwamba kitu kinachozoea watu kinajua mtu aliyechelewa kutimiza neno.

Siku ya maombi niliondoka gizani. Baada ya Holo mikono haikuwa yangu tena. Nilishindwa hata kubana breki, nikawa nasimamisha kwa soli ya kiatu. Karibu na Ndori, kama nusu ya njia, mgongo ulikataa kabisa. Nikalala kwenye nyasi kando ya barabara, baiskeli juu yangu, jua likinipiga kama deni la dunia nzima. Simu ikalia. Kaka yangu mkubwa.

"Uko wapi? Padri amefika. Watu wamekaa."

"Niko Ndori."

"Panda gari basi, bado kivuko kipo!"

"Niliahidi baiskeli."

"Shida ni nini?"

"Fremu bado haijanizoea."

Nyuma yake nilisikia kina mama wameanza kuimba. Kisha akasema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa, "Sawa. Tutaomba," akakata.

Nikajiambia nitapumzika kidogo tu. Nilipoweza kusimama, kivuko cha mwisho kilikuwa kimekwenda. Nikaisukuma baiskeli kurudi nilikotoka.

Ilikaa ukutani wiki nyingi. Siku moja nikaipeleka Kondele kwa fundi, mama mmoja mwenye mikono ya grisi, nikamwomba anipe dawa yoyote ya kuiharakisha kunizoea. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia niivuke nisimame, fremu katikati ya miguu. Sikuweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Akafuta vumbi chini ya kiti kwa kidole, akanionyesha namba iliyochapwa pale.

"Baba, hii ni saizi. Baiskeli zina saizi kama viatu. Hii ilitengenezwa kwa mtu mrefu, wewe ni mfupi. Haipungui. Hata ungekaa nayo miaka kumi, haingepungua."