Aliyeliambia Ziwa Lisogee

"Ziwa linanijua. Mimi Amolo nililiambia sogea, likasogea."

Hayo aliyasema kwenye maikrofoni, katika disko la matanga kule mtaa wa Manyatta. Kwetu mtu hujisifu kwa kulipia. Unampa mwanamuziki noti, ala zinanyamaza, unajimwaga unavyotaka, watu wanakushangilia, ala zinarudi. Huo ndio pakruok, na kwa hiyo dakika moja hakuna anayeruhusiwa kukupinga, hata mkeo. Mzee Amolo alilipia, akarudi akalipia tena, na tulimpigia makofi mpaka viganja vikawasha, maana wengi wetu tulikuwa tunalala juu ya ardhi aliyoitengeneza yeye.

Na hakuwa anadanganya sana. Ujanani mwake, huku chini ya mji kulikuwa na mafunjo matupu, marefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani na mwenzake. Samaki wa kamongo walijizika matopeni, viboko walipanda kula nyasi, na ukitaka kufika majini ulifuata kijia kilichofunguliwa kwa panga na wakataji wa mafunjo. Mji wenyewe ulikaa juu, pakavu, kama mgeni mwenye adabu. Kisha watu wakaongezeka. Obunga ikajaa, Manyatta ikafurika, na watu wa vibarua wakaanza kuangalia huku chini. Amolo aliwaona wanunuzi kabla wao wenyewe hawajajua kwamba watanunua. Akauza shamba la marehemu baba yake kule Seme, kaburi la mzee likiwa ndani, akanunua lori kuukuu.

Kazi haikuwa na siri. Kiangazi unachoma mafunjo. Unamwaga kifusi: matofali ya nyumba zilizobomolewa, taka za soko, godoro la mtu, sinki la mtu mwingine. Juu unapaka murram kidogo, ule udongo mwekundu wa barabara, kama poda. Unapima kwa kamba, unauza. Mimi nilisomea upimaji wa ardhi mpaka karo ikanikimbia, na naweza kuthibitisha kwamba kamba ya Amolo ilikuwa imenyooka kabisa. Kilichokuwa chini ya kamba ndicho hakikunyooka.

Waithera, muuza viazi aliyetoka Nyeri, ndiye pekee aliyeuliza kabla ya kulipa. Alitaka kujua kama maji hayatarudi. Amolo alicheka, akamwambia maji ya huku yana heshima. Yakifukuzwa huenda zake Uganda.

Yalirudi. Hata hayakuja kwa mawimbi, tungepata la kuhadithia. Yalitoka chini, polepole, kama jasho. Sakafu zikalowa, vyoo vikatapika. Ukichimba shimo la mti wa kuanikia nguo unapata kisima. Kila masika tukainua vitanda juu ya matofali, na Amolo akatueleza kwamba kosa ni la mitaro. Yeye alijenga pale palipoinuka kidogo, akaishi na mama yake, Dani Atieno, yaani Bibi Atieno, aliyemhamisha kutoka Seme huku mama akilia.

Dani alifariki mwezi wa tano, mvua ikiwa bado haijakata shauri. Kwetu mama huzikwa kwenye boma la mumewe, kushoto mwa mlango wa nyumba yake. Boma la mumewe lilikuwa limeshakuwa mahindi ya mtu. Kitandani hospitalini Dani alimwomba mwanawe jambo moja tu, kwamba asizikwe kwa watu asiowajua. Amolo akaapa atamlaza uani kwake, kushoto mwa mlango, inavyotakiwa.

Alfajiri ya mazishi vijana wakachimba. Walipofika kiunoni, maji. Wakasogea pembeni, wakachimba lingine. Maji tena, na safari hii na mizizi ya mafunjo, mibichi, yenye vichipukizi vyeupe. Waombolezaji walishaketi chini ya hema. Mchungaji akaanzisha wimbo mrefu, na ulipoisha akaanzisha mrefu zaidi. Odongo, mkubwa wa wachimbaji, akamwinamia Amolo sikioni.

"Mzee, sanduku itaelea."

Amolo akaagiza pampu. Pampu ya karibu ilikuwa ya Waithera. Kila masika huitumia kukausha chumba chake cha kulala. Aliileta mwenyewe kwa mkokoteni, petroli ikiwa ndani. Tulingoja amchome mzee kwa neno moja, haki yake. Hakumchoma.

"Pole kwa Dani, Mzee," alisema. "Hii bomba ni fupi, maji itaenda kwangu. Zikeni tu. Mimi nimezoea."

Pampu ikanguruma. Maji ya kaburini yakashuka hadi magotini, watu wakapumua. Ndipo tukaona mkondo wa tope ukipita chini ya mlango wa Waithera, na baada ya muda ukitoka na sufuria, kandambili, viazi. Waithera alikuwa kati ya akina mama, ameipa nyumba yake mgongo, anaimba.

Wakampa Amolo maikrofoni. Mtoto wa marehemu lazima aseme neno. Aliishika kama kitu cha moto. Mlevi mmoja nyuma akamwambia amzike kwenye lori. Hakuna aliyecheka, na mimi hucheka hata kanisani.

"Zimeni hiyo mashine," Amolo alisema. Maji yakaanza kupanda kaburini, tukiyatazama sote. "Hapa si nyumbani. Nilimdanganya mama. Na nyinyi niliwauzia hapa nikijua."

Mwili ukarudishwa mochari. Mchana wote Amolo alikuwa ndani kwa Waithera, amevaa suti ya mazishi, anachota tope kwa beseni. Tulipita mlangoni na hatukujua macho tuyaweke wapi, maana makofi yale yalikuwa yetu. Waithera alimwambia apumzike, akakataa bila kuinua uso.

Kesho yake Dani alizikwa Mamboleo, kwenye makaburi ya umma, kati ya watu wawili ambao hakuna aliyewajua. Nafasi ya mtu mzima kule ilikuwa shilingi elfu tatu na mia tano.