Vijiti Vinane vya Ruqaiya

Ruqaiya ni jirani yangu hapa Arua, na ni mwongo. Nasema hivyo kwa mapenzi. Tangu mwaka jana amekuwa akimdanganya kaka yake kila asubuhi, na mimi nimekuwa nikimsaidia.

Kazi yake ni sauti. Kwenye harusi zetu wanawake wana hema lao la kupiga ngoma na kucheza doluka, dansi yetu ya harusi, na mwanamume haingii humo. Kwa hiyo fundi wa sauti lazima awe mwanamke, na kutoka hapa mpaka Koboko namjua mmoja tu. Kaka yake, Abdunoor, hubaki nje na jenereta. Ruqaiya hukaa ndani na kompyuta yake ya skrini ya kugusa, anaangalia maikrofoni nane, sita za ngoma na mbili za waimbaji. Mimi hupiga ngoma ya tatu, nakaa karibu naye.

Mwaka jana walianguka na piki njia ya Pajulu. Abdunoor ndiye aliyekuwa anaendesha. Yeye hakuchubuka hata goti, lakini mkono wa kulia wa dada yake ulivunjika kiwikoni, na vidole havikuamka tena. Abdunoor alikaa siku nne bila kusema neno wala kuonja chakula. Tuliogopa tutamzika. Ndipo Ruqaiya akamwambia mkono unapona, naye akaomba chai. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje ukweli? Kila asubuhi anauliza, "Mukono iko sawa?" Anajibiwa, "Iko sawa kabisa," na mkono wenyewe umefichwa ndani ya mtandio.

Uongo ulisimama vizuri mpaka harusi moja iliyokuwa jirani na msikiti. Sisi ngoma ikishakolea hatusikii kitu. Anayesikia adhana ni Ruqaiya, mlangoni mwa hema. Yeye hutakiwa kushusha sauti zote mara moja, nasi tunajua ni wakati wa kunyamaza. Siku hiyo alishusha moja moja kwa mkono wa kushoto, na adhana ilifika katikati spika zetu bado zinanguruma. Wazee walikuja na maneno makali.

"Wewe ulikuwa nafanya nini?" Abdunoor alimuuliza.

"Nilisinzia."

Abdunoor aliutazama ule mtandio muda mrefu. Mimi nilijifanya nafunga ngoma.

Baada ya hapo Ruqaiya hakulala vizuri. Kompyuta yake ina programu ya muziki ambayo unaiunda mwenyewe kwa vipande, unaviunganisha kwa nyaya zinazochorwa kwenye skrini. Akachukua vijiti vinane vya sauti, vile vya kusukuma juu na chini kwenye skrini, kimoja cha kila maikrofoni, akaviunganisha vyote na kijiti cha tisa. Ukivuta cha tisa chini, vyote vinane vinashuka pamoja. Kidole kimoja kinatosha. Wiki nzima tulifanya mazoezi nyumbani kwangu. Mimi napiga kofi, yeye anavuta. Kofi, vuta. Kofi, vuta. Nikampongeza, mjinga mimi.

Jumamosi tukaenda Koboko. Hema lilikuwa hatua chache tu kutoka msikitini. Ruqaiya hakugusa pilau. Alipanga sauti taratibu kwa kushoto, ngoma chini, waimbaji juu, kisha akaanza kuniuliza saa. Saa kumi kamili. Saa kumi na dakika tano. Nikamwambia, "Utatuua kwa presha, wewe." Hakucheka. Akaniuliza saa tena.

Adhana ya Alasiri ilipoanza, tulikuwa tumekolea hasa. Akavuta. Kimya kilianguka mara moja, na sauti ya mwadhini ikaingia hemani safi. Alinitazama, macho yamejaa machozi. Nilifurahi mpaka meno yote yakawa nje.

Watu walipomaliza kuswali, haboba Kadijah, bibi yake bibi harusi, alishika maikrofoni. Kwa desturi yetu bibi huimba akiwa ameketi, mara moja tu, akimuaga mjukuu wake. Wimbo ni wa chini na ngoma huusindikiza polepole. Ruqaiya akasukuma kijiti cha tisa juu.

Vyote vinane vilipanda, na vyote vikasimama mahali pamoja. Ngoma zilikuwa juu sawasawa na sauti ya kikongwe. Programu ilikuwa imetii ilivyounganishwa, kila kijiti kiige cha tisa, na viwango alivyopanga Ruqaiya mwanzoni vimefutika. Wiki nzima tulikuwa tumejaribu kushusha. Hatukujaribu kupandisha hata mara moja.

Spika zikapiga yowe. Midomo ya haboba ilikuwa inaenda, lakini neno halisikiki. Kukata ngoma katika wimbo ule kwetu ni nuksi, hakuna aliyethubutu, tukapapasa tu kwa ncha za vidole. Ruqaiya alikata uunganisho, akaanza kushusha ngoma moja moja. Yowe halikuisha, maana maikrofoni ya haboba nayo ilikuwa juu mno. Alihitaji mikono miwili kwa pamoja, mmoja kwenye ngoma, mwingine kwenye sauti ya haboba. Akautoa mkono wa kulia kwenye mtandio, akauweka mezani, akajaribu kusukuma kijiti kwa kifundo cha mkono. Uliteleza, ukaanguka pembeni.

Wakati huo huo Abdunoor akaingia.

"Mwanaume natafuta nini hapa!" wanawake wakafoka. Hakuwasikia. Alikuja kuangalia mashine iliyokuwa inalia, akakuta mkono. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua tumemwua.

Alipiga magoti kando ya meza. Akakunjua kidole cha kwanza cha dada yake, akakiachia, kikajikunja. Akakunjua cha pili.

"Hii yote mimi ndio nilifanya," alisema.

Haboba alikuwa bado anaimba bila sauti, na bibi harusi ameinamisha kichwa amsikie.

"Kaka, acha mukono," Ruqaiya alisema. "Shika ile ya nane. Hiyo ni ya haboba. Rudisha chini mpaka kelele iishe, halafu pandisha polepole."

Abdunoor alishika. Machozi yalikuwa yakidondoka juu ya meza, lakini alishika.

"Polepole," dada yake alisema, mkono wa kushoto ukishusha ngoma. "Bado kidogo. Hapo."