Muuza Jibini Aliyetukusanya kwenye Simu

Habari ya kifo chake ilinifikia kwa njia ambayo yeye mwenyewe angeitarajia, yaani kwa ujumbe wa sauti katika kundi la simu alilolianzisha. Binti yake alizungumza polepole, akasema mama alilazwa siku nne kwa ugonjwa wa moyo na asubuhi hiyo amepumzika. Nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda kazini, na kabla kikombe hakijaisha, wenzetu wa Kisangani, Kampala na Ulaya walikuwa wameshajibu. Huenda baadhi yenu wasomaji mliwahi kununua maziwa na jibini, ile tunayoiita fromaji, kwenye kibanda chake karibu na soko la Bunia. Mimi nilimjua tangu utotoni, tulipokaa darasa moja katika shule ya msingi huko Fataki. Sikuwa rafiki yake wa karibu. Nasema hivyo nisije nikajipamba. Vita vilipotutawanya kila mmoja alikimbia na watu wake, na kwa miaka mingi sikujua ni nani kati yetu aliye hai. Yeye ndiye aliyetutafuta. Mteja akitaja Fataki au kijiji cha Bule tu, alimuuliza kwao ni wapi na anamjua nani, na hakumwachia mpaka apate namba ya simu. Hivyo ndivyo alivyokusanya zaidi ya watu ishirini wa darasa la sita.

Kwa kweli mimi nilichoka mapema. Kila asubuhi kulikuwa na picha za maua, sala ndefu, na video ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Siku moja nikajitoa kimyakimya. Siku mbili baadaye alifika ofisini kwangu na jibini mkononi, akaketi.

“Umetoka mu grupu,” akasema. “Nani alikukosea?”

“Hakuna mutu, mama. Ni makelele tu.”

“Sawa. Basi kila siku ya posho nitakuwa nakuja hapa kukuelezea habari ya kila mutu, mumoja mumoja. Weye chagua.”

Alisema bila kutabasamu, nami nilijua kwamba Jumamosi angekuja kweli. Nilirudi kwenye kundi siku hiyohiyo, na jibini tukaila pamoja na wafanyakazi wenzangu.

Lakini siku niliyomwelewa ilikuwa nyingine. Mmoja wetu, mkulima ambaye sasa anaishi pembeni mwa mji, anatoka katika jamii ambayo wengi wetu tumezoea kuitazama kwa wasiwasi tangu vita. Asubuhi moja mwenzetu mwingine alituma picha yenye ukungu, na chini yake akaandika kwamba mtu anayeonekana pale ni yule mkulima, akiwaonyesha njia watu waliochoma nyumba wiki ile. Maneno makali yakafuata. Mimi sikuandika kitu, na wakati ule niliona kunyamaza kwangu ni busara. Hapa kwetu kila mtu anajua neno kama lile linaweza kumfikisha wapi mtu kabla jua halijazama. Mama yule alilifunga kundi, asiweze kuandika mtu mwingine ila yeye. Akatuma mstari mmoja: “Ninaenda kumuona.” Kisha akanipigia simu, akaniambia nimngoje barabarani. Alikuja na pikipiki mbili.

Tulimkuta mkulima amekaa nje ya nyumba yake, mguu umefungwa plasta kuanzia gotini. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa, na mkewe alituambia kwamba hiyo ilikuwa wiki ya tatu hajatoka uani. Simu ilikuwa mapajani. Alikuwa amesoma yote.

“Tulisoma pamoja miaka sita,” alisema, akinitazama mimi. “Hakuna hata mumoja alinipigia kuuliza. Hata weye.”

Mama akavuta kigoda, akaketi karibu naye. “Ndiyo maana tumekuja,” akamwambia. “Sema na mudomo yako, wote wasikie.” Mwanzoni alikataa. Mama hakumsukuma; alimuuliza habari za mihogo na za mguu, mpaka mwenyewe akaomba kundi lifunguliwe, akainua simu akawaeleza wote kwa hasira habari ya mguu wake. Jumapili iliyofuata yule aliyetuma picha alifika pale kwa miguu, akiwa na jogoo, akaomba msamaha mbele ya mke na watoto. Tangu hapo kundi lina sheria moja: usitume jambo la mtu kabla hujamuuliza mwenyewe.

Kwenye matanga, wanaume hao wawili ndio waliopanga viti. Wale walio mbali walituma sauti zao, na binti akatusikizisha kwa spika uani. Mmoja alicheka akikumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akimnong’onezea majibu ya hesabu, tena yasiyo sahihi, na uani wote tukacheka naye. Nilitoka pale nikiwa na moyo mwepesi kuliko nilivyoingia.

Mara nyingi nimeulizwa kama mitandao hii ina faida yoyote kwa urafiki, na nimewahi kuandika hapa kwamba haina. Nilikosea, ingawa si kabisa. Bila simu nisingejua ni nani aliyenusurika, na mwenzetu wa Ulaya asingepata nafasi uani siku ile. Simu hiyohiyo ingeweza kumuua mkulima, na kilichomwokoa ni mwanamke aliyeacha maziwa yake kibandani akapanda pikipiki. Alitufundisha kwamba mtandao unatujulisha rafiki yuko wapi na ana hali gani. Kumwendea au kumpigia ni kazi yetu wenyewe. Wiki hii tulimchagua mkulima awe msimamizi wa kundi. Ujumbe wake wa kwanza uliuliza ni nani anayeishi karibu na mwenzetu mmoja ambaye hajajibu kwa siku tano. Mwenzetu huyo anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Nimeandika, “Ninaenda,” na safu hii naimalizia hapa ili niende.