Kengele Aliyoizima Naibu

Pale hospitalini fundi wa kompyuta walimwita Naibu, na alijitakia mwenyewe, maana kila akifungua mdomo ni naibu, naibu. "Kompyuta kubwa ya miadi ikizimika," angekwambia hata kama hukumuuliza, "ile naibu yake inashika usukani yenyewe. Kila kinachoandikwa huku kinanakiliwa kule papo hapo. Mgonjwa hajui, karani hajui. Umeona mambo!"

Ila hiyo kompyuta naibu ilikuwa na kelele. Ikichelewa kunakili kidogo tu, inatuma ujumbe, na simu ya fundi wetu inalia kama ina wazimu. Mara nyingi si kitu, ukiiacha inajirekebisha. Siku moja mtoto mchanga wa fundi ndiyo kwanza kasinzia, simu ikalia, mtoto akaamka akipiga mayowe. Mkewe alimtazama tu. Fundi akaizima ile kengele ya ujumbe, akajisemea kesho ataiwasha. Kesho ikapita, wiki zikapita, akasahau kabisa. Na safari hii mashine haikujirekebisha. Iliacha kunakili, na hapakuwa na wa kumwambia.

Kisha asubuhi moja kompyuta kubwa ikafa, ikafa kweli, imeungua. Naibu yake ikashika usukani kufumba na kufumbua. Wee! Mganga mkuu akashuka mwenyewe kumpa fundi mkono, soda zikaletwa. Fundi alikuwa na chupa mkononi, kifua mbele, alipopita mapokezi akamsikia karani anafoka.

"Mama, jina la mtoto halimo. Kompyuta haidanganyi!"

"Dada yangu, niliandikishwa hapahapa wiki iliyopita. Na daktari wa macho anaondoka leo. Hebu mwangalie mwenyewe mtoto."

Binti mdogo alikuwa ameshika gauni la mama yake, uso kaelekeza ukutani, akisikiliza.

Wiki iliyopita. Fundi akainama kwenye kioo cha kompyuta ya karani: orodha iliishia siku ile ile aliyozima kengele. Kompyuta haidanganyi, maneno hayo karani aliyatoa wapi kama si kwake? Angeweza kunyamaza akamalizia soda yake, nani angejua? Aliona aibu hata ya kuliwaza hilo.

"Mama anasema kweli," akasema. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyezima kengele. Mwingizeni kwa daktari sasa hivi."

Mama hakushukuru wala hakulaumu. Alimbeba mwanawe, akapiga hatua kuelekea mlango wa daktari, kisha akageuka.

"Na wenzangu? Tulikuwa benchi zima hapa tangu asubuhi. Wameitwa waongo mbele ya watoto wao, wakaondoka."

"Wapigie simu," Naibu akamwambia karani. "Wapigie wote!"

"Niwapigie wapi, kaka? Namba zao si zilikuwa kwenye ile iliyoungua?"

Fundi aliweka chupa mezani, akatoka mbio mpaka getini. Barabara ilikuwa imejaa watu waliobeba watoto, na yeye hakuwajua kwa sura hata mmoja.