Moshi wa Masudi

Asubuhi ile Marwa alikuwa na kazi moja tu, kunywa maji. Jua lilipochomoza juu ya mji wa Geita alikuwa amemaliza dumu la lita tano, na tumbo lilicheza kila alipopiga hatua. Saa nne angepimwa mkojo. Mgodi mkubwa ulitaka dereva wa lori, leseni alikuwa nayo, ila mwenye bangi mwilini hapewi usukani.

Ungemcheka, lakini akili hiyo aliitoa kazini. Miaka sita alichimba dhahabu Mwakitolyo, na kule duara, yaani shimo la wachimbaji, likijaa maji huvutwa kwa pampu hadi chini kuonekane. Marwa aliuona mwili wake kama duara. Alidhani akipitisha maji ya kutosha, utabaki mweupe.

Kwenye zahanati, muuguzi Dorah aliinua kikopo kwenye mwanga wa dirisha. Akakitazama, kisha akamtazama mwenyewe.

"Kaka, umeniletea maji ya bomba," alisema. "Hiki hakipimiki. Unaficha nini?"

Marwa alikuwa mbovu wa kudanganya tangu utoto. "Nilikuwa navuta, sista. Kila asubuhi, kabla ya kushuka."

"Sasa si ungeuliza? Bangi haioshwi kwa maji. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, inatoka kwa muda wake. Aliyeonja mara moja, siku tatu, nne. Wa kila siku kama wewe, mwezi, hata na zaidi. Umeacha lini?"

"Siku mwenzangu Masudi alipoanguka shimoni. Hitima ya arobaini yake imesomwa Alhamisi."

Dorah akakiweka kikopo chini taratibu. Akamwambia akae nje kwenye benchi, asinywe kitu tena, amrudie saa kumi.

Joto la mchana likamlaza akiwa amekaa. Akajiona yuko Mwakitolyo, kwenye mdomo wa duara, na Masudi amekalia kiroba cha mawe akisokota bangi kwa vidole vyake vifupi. Pafu la kwanza alikuwa anampa Marwa siku zote, hata siku walizonuniana. Wakapokezana, huku vumbi jekundu likielea juani kana kwamba halina haraka ya kutua. Kisha Masudi akatangulia kwenye ngazi, akiwa mwepesi, akitabasamu, na mguu wake ukakanyaga pasipo na kitu.

Marwa alijua ni moshi ule uliomwangusha. Alijua pia kwamba walivuta msokoto mmoja. Nusu ilizikwa pamoja na Masudi, na nusu ikabaki mwilini mwake yeye, na siku zote hizi alikuwa akitembea nayo kwenda sokoni, kwenda kanisani, kitandani kando ya mkewe Eunice. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Eunice alikuwa ameapa kwamba hatasubiri tena mume aliye shimoni. Hata hivyo, pale kwenye benchi, akiwa kati ya kulala na kuwa macho, Marwa aliona aibu, kwa sababu kipande cha moyo wake kiliomba ile nusu isitoke.

Saa kumi alitoa kikopo cha pili, cha njano safari hii. Dorah akachovya kijiti cha kipimo, wakainama wote wawili kukitazama. Alikuwa amemweleza kwamba mstari wa pili ukitokea, bangi haipo. Ulitokea polepole, mwembamba, wa waridi.

"Hongera kaka. Lori ni lako."

"Hakuna hata kidogo kilichobaki?"

"Hata kidogo."

Akashukuru, akasaini fomu, akatoka na karatasi yake hadi nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji. Siku ya mazishi Marwa alibeba jeneza bila kutoa chozi, watu wakamsifu. Sasa alikaa chini, akamlilia Masudi.