Nilivyomfungia Baba Mkwe Ulaya

Jamani, hii naisimulia kwa sababu najua mmeshaisikia kwa wengine na wameitia chumvi mpaka imekuwa kachumbari, wapo wanaosema nilimteka mzee wa watu, kwa hiyo bora muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Mnajua mimi ni fundi pikipiki hapa Mikumi, na mnajua nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwao Neema, kule Malolo. Baba yake, mzee Masanja, ni Msukuma mkulima na mfugaji, mtu wa maneno machache, na barua ilikuwa imekaa kwake wiki tatu bila jibu. Nilikuwa silali. Sasa asubuhi hiyo mshenga wangu, mjomba Saidi anayeishi Kilosa, akanipigia simu kwamba mzee Masanja anashuka Mikumi na anatafuta usafiri wa kwenda kwa mjomba huko Kilosa, nami bila kuuliza anaendea nini (si ningeuliza!) nikakimbia kwa rafiki yangu Hamisi, baba wa watoto watatu watundu kuliko nyani, nikaazima gari lake dogo, nikavaa shati jeupe, nikaenda stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akashika mlango wa mbele. Mimi kwa kujipendekeza nikamwambia hapana mzee, wewe kaa nyuma, ukae kibosi, nikamfungulia mlango wa nyuma kulia, nikamfungia kwa heshima zote, nikapandisha vioo kwa ajili ya vumbi na kuwasha kiyoyozi. Uamuzi mdogo tu huo, kumkalisha mtu nyuma.

Tumetoka Mikumi vizuri, mzee anajibu mawili matatu kuhusu mvua na ng'ombe, halafu akanyamaza. Mimi kimya sikiwezi. Najua kabisa kwamba mambo ya posa humuulizi baba wa binti, hiyo ni kazi ya mshenga, lakini mdomo ukanitoka: "Mzee, ile barua yetu... mmeipokeaje?"

Kimya.

Nikaangalia kwenye kioo, mzee kageukia dirishani, mkono mdomoni. Nikarudia, labda hakusikia. Akatoa sauti moja tu, "mmh," ya puani, ambayo mpaka leo sijui tungeiandikaje. Jasho likanitoka na kiyoyozi kinapuliza. Nikajua nimeharibu, nimemruka mshenga, mzee kakasirika. Halafu akaanza kugonga kioo kwa kidole. Ko, ko, ko.

Hewa! Anataka hewa! Nikafurahi kwamba angalau kuna kitu naweza kumfanyia. Nikabonyeza swichi ya kushusha dirisha lake. Haliendi. Nikabonyeza la kwangu, linashuka vizuri. La mzee, wapi. Akabonyeza na yeye kule nyuma, wapi. Akavuta kitasa cha mlango gari likiwa linatembea, mlango nao haukufunguka, na mimi roho ikaniruka: huyu mzee ananichukia kiasi cha kuruka kwenye gari?

Nikasimama Ulaya, kile kijiji cha njia ya Kilosa, pembeni ya gulio, watu wamejaa na matenga yao ya nyanya. Sasa fundi ndani yangu akaamka. (Pikipiki haina dirisha, hilo lilipaswa kunipa mashaka, halikunipa.) Nikazima gari nikawasha. Nikapiga mlango ngumi kama redio ya zamani. Nikaangalia fyuzi, zote nzima. Nikaweka viganja kwenye kioo kwa nje nikakivuta chini, huku mzee kwa ndani kanikodolea macho, mashavu yamemvimba, uso mwekundu kwa hasira (nilidhani), anagonga, nami namjibu, "Ndiyo mzee, nalishughulikia!"

Nikampigia fundi Rama wa Morogoro, fundi umeme wa magari, mtandao unakatika katika.

"Uko wapi?"

"Niko Ulaya."

"Ulaya! Umeondoka lini?"

"Asubuhi hii."

"Mh! Hongera bwana. Sasa sikiliza, kuna kiswichi cha kufuli, kikibonyezwa linabaki dirisha la dereva tu. Kiko mlango wa kushoto. Kushoto, umenielewa?"

Simu ikakata. Nikazunguka mlango wa mbele kushoto, hakuna kufuli, kuna swichi moja tu. Nikasema basi kimejificha ndani, nikachukua bisibisi, nikabandua kava la mlango, nyaya zikaning'inia. (Wiki nzima baadaye ndipo Rama alipoelewa na mimi nikaelewa: yeye alidhani niko Ulaya ya Wazungu, ambako usukani uko kushoto. Kufuli lilikuwa mlangoni kwangu, kulia, chini ya kiwiko changu, Hamisi kalibonyeza kwa ajili ya watoto wake, na milango ya nyuma kaifunga isifunguke kwa ndani.)

Watu wameshazunguka gari. Mzee anagonga kwa viganja viwili sasa. Nikachanganyikiwa kabisa, nikaweka uso kwenye kioo chake nikapaza sauti mbele ya gulio zima: "Mzee, kama hutaki kunipa Neema niambie tu! Kwani kosa langu ni nini?"

Mama mmoja muuza nyanya akaniuliza taratibu, "Baba, mbona humfungulii mlango?"

Mlango. Jamani, mlango! Akanipita, akavuta kitasa kwa nje, ukafunguka bila tabu yoyote. Nami nikajitupa pale mbele kuomba msamaha, na mzee, ambaye tangu njiani alikuwa na ugoro mdomoni na mate yamejaa hana pa kuyatemea, akayatema yote kwenye shati langu jeupe.

Walicheka mpaka waliokuwa mbali wakaja kuuliza.

Mzee akajifuta mdomo. "Kijana," akasema, "habari ya barua umeniuliza mara tatu. Mimi nina nini, hukuniuliza hata mara moja."

Maneno hayo yaliniuma kuliko vicheko vyote.

Akakaa mbele. Dirisha la hapo mbele kushoto nalo, baada ya yote niliyoutenda mlango wake, halikupanda wala kushuka, tukaenda Kilosa mlango unagongagonga na nyaya zinacheza. Akaingia kwa mjomba Saidi, mimi nikabaki nje na shati langu la kahawia kifuani, saa nzima, nikijua nimempoteza Neema kwa sababu ya dirisha.

Mjomba akatoka, akanitazama shati, akameza kicheko. "Mzee alikuja kuleta jibu la barua. Binti umepewa."

Nikakaa chini pale pale.

"Ila," mjomba akasema, "ameniomba nimwulizie basi la kurudi."

Basi siku hizi mtu akininyamazia ndani ya chombo, awe Neema, awe nani, nasimama kwanza, nashuka, namfungulia mlango. Maswali baadaye.