Mlango wa Pili wa Kituo Chetu

Shule niliiacha kidato cha pili, nikawa mtu wa kutangatanga. Nimepakia viazi Isongole, nimechuma chai, nimeendesha bodaboda za watu, na kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Kote nilikutana na watoto yatima waliochukuliwa na ndugu au majirani, na walezi waliohangaika peke yao. Basi nikatulia Kyimo, tukaanzisha kituo cha mafunzo ya walezi, mimi na akina mama wa kanisani.

Mzee mmoja alitupa kiwanja. Tukajenga chumba cha matofali ya kuchoma, mlango mmoja, na kibaraza. Mzee alikipenda kituo kupita kiasi. Asubuhi anakuja na kiti chake, anakaa mlangoni na wenzake, soga mpaka jioni. Tukajiona tumebarikiwa.

Ila walezi wengi hawakuja. Hata mke wa mwana wa yule mzee hakuja, naye alikuwa akilea yatima wawili kutoka Suma, kaka na dada, ambao alikuwa hajapewa kibali cha kuwalea. Afisa ustawi wa jamii aliniambia wazi: "Alhamisi nakuja. Nisipomkuta kwenye mafunzo, watoto nawapeleka makao ya Mbeya."

Nikamfuata migombani, anakata majani makavu.

"Dada, mbona huji? Unataka wachukuliwe?"

"Nitapitaje pale?"

"Mlangoni, kama watu wote."

"Na baba mkwe amekaa?" Akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi. "We kaka, kuzunguka kote huko hili hukuliona? Mimi nikimwona njiani naingia migombani nijifiche. Leo nikamruke miguu?"

Mwiko huo, wa mke kutokutana wala kusema na baba mkwe, niliusikia zamani, nikadhani umebaki kwa mabibi. Wenzangu waliozaliwa hapo walijua vizuri, wakanyamaza. Nani angemwambia mzee aondoke kwenye kiwanja alichotoa mwenyewe?

Nikamwita fundi, tukaanza kugonga ukuta wa nyuma. Mzee akazunguka nyumba na fimbo yake.

"Mnabomoa?"

"Tunatoboa mlango mwingine, baba. Wa akina mama."

Akautazama ukuta. Nilijua tumekwisha. Kisha akamgeukia fundi: "Mwembamba huo! Wewe unajengea kuku? Panua, mtu apite na mtoto mgongoni." Akarudi kibarazani bila kuuliza ni mama gani.

Alhamisi mvua ilishuka tangu alfajiri. Afisa alipoingia, yule mlezi alikuwa ameshapita mlango wa nyuma, amekaa mkekani na wenzake, watoto ubavuni. Afisa akachuchumaa mbele ya yule mdogo.

"Ukiumwa usiku unamwamsha nani?"

Mtoto akamshangaa. "Si huyu mama? Mwingine yuko wapi?"

Wanawake wakacheka. Afisa naye akashindwa kujizuia. "Haya," akasema, "watabaki."

Mlezi hakupiga vigelegele. Alinyoosha miguu, akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu. "Kama kuna chai, nipeni. Tangu jana hakuna kilichopita kooni."

Kule kibarazani mzee akapaza sauti, kama anayeongea na mvua: "Kwa hiyo wajukuu zangu hawaendi popote?"

Mlezi akainama, akajifunika kanga mdomoni. Jibu halikuwa lake kulitoa, nikalitoa mimi.

"Hawaendi, baba."

"Ndaga," akasema. Asante. Nikamimina chai.